Semina Mdomoni mwa Tusekile

Usiku wa kuamkia leo nimeota nipo kwenye foleni ya zahanati yetu, jua la saa sita linachoma, na mbele yangu umesimama ufizi wa marehemu mke wangu.

Niliutambua mara moja. Ufizi wa chini, upande wa kushoto, ule uliomtoa damu Tusekile kila akipiga mswaki, mpaka kansa ya mdomo ikaja kumaliza kazi. Umevimba, mwekundu kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, umejifunga kanga yake ya maua. Watu wa foleni wanausalimia. Hakuna anayeshangaa.

"Baba Gwakisa, na wewe umekuja?" ufizi unaniuliza.

"Nimekuja. Safari hii lazima wakuangalie. Wasipokuangalia hatutoki."

"Basi waharakishe. Hawa mgongoni wananichimba."

Nikautazama mgongo. Ukoga umeganda kama ukoko wa sufuria lisiloloweshwa, na chini yake vijidudu vinalima kwa majembe, vinaimba. Kimoja chenye upara kikaweka jembe chini, kikanipa mkono. Nikaupokea. Adabu ni adabu.

"Pole na msiba, mzee."

"Asante. Ni nyinyi mliomuua?"

"Tusisingiziane. Sisi kazi yetu ni kuchimba fizi. Tukichimba, nyama haiponi, inakaa na kidonda miaka na miaka. Kansa ni jirani yetu, naye anapenda shamba lenye kidonda. Wasomi bado wanabishana kama sisi tunaleta mbegu au tunaleta samadi tu."

"Wanabishania wapi?"

"Mahotelini."

Hapo nikaamini kinasema kweli.

Muuguzi anachomoza kichwa dirishani. "Meno tu! Wenye meno tu! Huduma ya leo ni ya meno!"

Ufizi ukasogea. "Dada, mimi natoka damu."

"Wewe ni jino?"

"Ni ufizi."

"Koleo tulilonalo ni la jino. La ufizi halijaletwa. Nenda kalete jino tung'oe."

Hivyo hivyo ndivyo walivyomfanya alipokuwa hai. Kila alipokwenda na damu alirudi na pengo. Wakamng'oa meno mazima yasiyo na kosa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mama, fungua mdomo nikuangalie vizuri." Mimi niliishia darasa la nne, lakini najua paa likivuja hung'oi mlango.

"Mkubwa wenu yuko wapi?" nikauliza.

"Mganga Mkuu? Yuko semina."

"Semina iko wapi?"

"Mdomoni mwa marehemu mkeo. Ingia tu, ila vua viatu."

Ninavua viatu, na tayari nakanyaga ulimi. Watu wa makoti wamejipanga, kila mmoja amekaa kwenye pengo lake. Juu kwenye kaakaa wametundika kitambaa: KINYWA SAFI, WANANCHI IMARA. Na huko ndani kabisa, Mganga Mkuu mwenyewe, koti jeupe, soda mkononi, amekalia uvimbe mkubwa kama kiazi.

"Mkubwa, umekalia uvimbe."

"Mzee, tuko kwenye mada ya pili."

"Huo ndio uliomuua mke wangu. Inuka uutazame."

"Kiti hiki nilikikuta hapa. Laini kweli, sina malalamiko. Hoja yako utaileta kwenye maswali, baada ya chakula."

Vijidudu, ambavyo kumbe navyo ni wajumbe, vikapiga makofi.

Hapo mdomo ukaanza kufunga. Nakujua kufunga huko. Siku za mwisho Tusekile hakuweza kufungua hata pa kupitisha kijiko cha uji. Nje nausikia ufizi unalia, "Baba Gwakisa! Waambie watazame kabla haujafunga!"

"Inuka utazame!" nikafoka. "Umo humu humu ndani! Inamisha kichwa tu, mshenzi wewe!"

Mlinzi akanishika bega. "Mzee, kelele marufuku. Humu ni mdomoni. Ruhusa ni kutafuna tu."

Sawa. Mimi ni mtu wa kufuata sheria. Nikamrukia Mganga Mkuu, nikamng'ata kifuani kwa meno yangu yote yaliyobaki.

"Unanitafuna!"

"Ndiyo. Nimeruhusiwa."

Akainuka. Uvimbe ukabaki wazi, hata kipofu angeuona. Na yeye, mbwa yule, anatazama koti lake.

Mdomo ukafunga.

Nimeamka kumekucha, mdomo una ladha ya damu, na chini ya ulimi kuna kitu kigumu. Nikadhani jino. Nikatema kiganjani. Kifungo cheupe, cha koti, uzi wake bado unaning'inia.

Mimi nalala na fulana. Humu ndani hakuna mwenye koti jeupe, na halijawahi kuingia.

Nimekirudisha chini ya ulimi na sasa nakwenda zahanati. Sitakula, sitakunywa, na nikiulizwa sitajibu. Mwenye kifungo akikitaka, aje na tochi akitafute mwenyewe. Mdomo nitamfungulia.