Kikombe Mkono wa Kulia

Pweza hakupewa jina hilo kwa sababu ya kuogelea. Mikono yake haikujua kutulia, na kwa miaka tisa ndiyo iliyomlisha. Katika ukumbi wao wa vichekesho watazamaji walitupa neno lolote, yeye na wenzake wakalizushia mchezo papo hapo. Kikundi kilikuwa na sheria moja: anayerudia kichekesho cha jana anafagia ukumbi. Pweza hakuwahi kushika ufagio.

Leo alikuwa studio ya televisheni, ndani ya jiko lenye kuta tatu, akiigiza kijana anayemwambia mama yake kwamba ameacha kazi. Mwongozaji hakumficha. "Leo tunakupima. Ukifaa, una vipindi kumi na viwili. Usipofaa, kijana huyu tunampa mtu mwingine, na hatutagombana."

Mara ya kwanza alifanya kama alivyozoea. Alichomeka maneno yake mawili matatu, akapunga kikombe, mpiga picha akajiuma midomo asicheke. Pweza aliona mabega yake yakitikisika, moyo ukatulia kidogo.

"Tena," mwongozaji akasema. "Kamera upande wa mama."

Safari hii Pweza akabadilisha kila kitu. Angerudiaje? Hakuna aliyecheka. Kimya kikamwasha kama upupu. Akaongeza maneno, akaongeza mikono, akamalizia amekaa juu ya meza.

Mwanamke mwenye daftari, ambaye kazi yake ni kuandika kila mkono ulikuwa wapi, akamsogelea polepole. "Mwanangu, kikombe kilikuwa mkono wa kulia. Ulikunywa baada ya kusema 'nimeacha', ukiwa umesimama. Tukiziunganisha hizi picha utaonekana unaruka kama panzi."

"Lakini ya pili si ilikuwa kali zaidi?"

"Mimi silipwi kupenda. Nalipwa kukumbuka."

Wakapewa dakika kumi. Pweza akaruka nyaya sakafuni, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mama mtu mzima aliyeigiza mama yake, mkongwe wa fani, alikuwa ameketi palepale jikoni akimtazama.

"Utatoboa sakafu, baba. Unamtafuta nani?"

"Watu, shangazi. Siwasikii watu. Sijui nafanya vizuri au najiaibisha."

"Na mimi ni nani, sufuria? Mara zote mbili nimelia mbele yako, hukuniona."

Kweli, hakumwona.

Walirudia upande wa mama. Akakosea mkono mara moja tu. Kisha kamera ikamgeukia yeye. Sasa shangazi hakuwa akionekana kwenye picha, angeweza hata kusinzia. Pweza alishika kikombe kulia, mkono wa kushoto akaubana pajani. Alipofika kwenye "nimeacha" akamtazama usoni. Shangazi hakuwa analia. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyejua siku nyingi. Aibu ikampanda Pweza bila kupangwa. Maneno yalitoka yaleyale, ila kwa sauti ya chini.

"Kata." Mwongozaji akageuka kuzungumza na fundi wa taa habari za dirisha. Hakuna aliyepiga makofi. Pweza akajikuna shingo, akaanza kufungua shati la kuigizia ili aondoke kabla ya kuambiwa.

"Usivue kwanza," mwanamke wa daftari akasema. Akampiga picha mbele, ubavuni, mgongoni. "Rudisha kifungo hicho. Na ndevu usiziguse. Kesho tunaanzia hapahapa."

"Kesho, mimi?"

"Tuliza mguu, sijapiga picha viatu."