Mama Alimwitikia Mwimbaji

Yaya Ernestine, dada yangu mkubwa, alifariki mwezi wa Februari katika hospitali moja ya mji wa Saint Paul, huku ugenini, figo zikiwa zimemshinda. Kilio tulikiweka kwangu Hopkins, ghorofa ya pili. Jioni ya kwanza mama yetu, Mama Générose, alianza kumlilia kama tunavyolia kwetu, huko Walungu tulikotoka: kwa wimbo, mikono kichwani, akimtaja binti yake kwa jina. Hakufika mbali. Jirani wa chini alipiga simu, na polisi akaja. Alikuwa kijana mpole. Alivua kofia mlangoni, akatupa pole, akasema kuna watoto wanaolala.

Tangu hapo mama hakulia tena. Kwetu mtu halii peke yake. Anayelia huimba mstari, na pumzi ikimwishia wengine humpokea, ili apate nguvu ya mstari unaofuata. Jioni ile tuliogopa, tukanyamaza sote, na mama akabaki na mstari wake mdomoni.

Julai, Papa Mugisho, mzee wa kanisa letu, alikuja kuuliza lini tutaondoa kilio. Ni sala na chakula cha pamoja, na baada yake wafiwa huruhusiwa kurudi kwenye ngoma na sherehe za watu.

"Nitaondoaje kilio ambacho sijalia?" mama alimuuliza.

Papa Mugisho alimaliza chai yake, akainuka. Nilipomsindikiza mlangoni aliniambia, "Tutangoja, binti yangu. Lakini mama yako anakonda."

Ilikuwa kweli. Alikaa kutwa kando ya dirisha, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Wambui, Mkenya ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee huko Golden Valley, ndiye aliyeleta habari za muziki. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2016.

"Kuna muziki wa bure Saint Paul, kando ya mto," alisema. "Wa Waairishi. Mlete mama apunge upepo."

"Bado tuko kwenye kilio. Muziki tunakatazwa."

"Sijasema ukacheze. Unakaa tu kwa nyasi. Hata maneno hutaelewa, sasa dhambi itaingilia wapi?"

Mama alikubali, nadhani kwa kuchoka kukataa. Jumamosi mchana tulitandika kitenge kwenye nyasi, Wambui akafungua chapati na chupa ya chai. Watu walikuwa wengi, na viti vyao vya kukunja na watoto walioungua na jua. Wanaume kadhaa walipita wamevaa sketi za mirabamiraba.

"Hawa wameazima nguo za wake zao?" mama aliuliza.

"Ni za kwao, mama," Wambui alisema. "Hata bishop wetu huvaa gauni na hakuna anayemcheka."

Mama alitabasamu kidogo. Nilimkatia chapati, akala nusu.

Wapigaji wawili wa fidla walianza, na mtu wa tatu akawafuata kwa kingoma cha mkononi. Ulikuwa muziki wa mbio, watoto wakarukaruka mbele ya jukwaa. Mama alitazama tu jinsi mguu wa mpigaji mmoja ulivyopiga ubao. Kisha mwanamke mwenye mvi, amevaa gauni la buluu, alisogea kwenye maikrofoni peke yake. Alisema ataimba bila ala, wimbo ambao wanawake wa kisiwa chao waliwaimbia wafu wao. Ni wa dada ambaye kaka yake alichukuliwa na bahari. Nilimfasiria mama.

"Maskini," mama alisema, akaweka kikombe chini.

Kwetu hakuna anayeimba kilio bila kufiwa. Sikufikiria kumwambia kwamba hapa ni tofauti.

Mwanamke yule aliimba amefumba macho. Sauti yake ilipanda polepole, ikatetemeka, ikashuka. Alipofika mwisho wa mstari alinyamaza kuvuta pumzi. Watu wote walikaa kimya.

"Nani anamwitikia?" mama aliuliza.

"Hapa hawaitikii, mama. Wanasikiliza."

"Watu wote hawa?"

"Ndiyo heshima yao."

"Heshima gani ya kumwacha mfiwa peke yake?"

Mstari wa pili ulikwisha, na kimya kikarudi. Mama alisimama. Nilishika upindo wa nguo yake.

"Mama, kaa. Kuna polisi pale."

Alikuwapo kweli, kando ya uzio. Mama alimtazama, kisha akaweka mikono kichwani na kuitikia.

Sauti ilitoka imekauka, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Vichwa viligeuka. Mwimbaji alifumbua macho, akatafuta, akamwona. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mwanamke aligeuka akaelekea upande wetu, akaimba mstari mwingine, akasimama akingoja. Mama aliupokea. Kuanzia hapo hakuitikia tu, alilia kwa Kimashi, lugha yetu: Ernestine wangu, uliyenivisha koti lako nilipofika kwenye baridi, nani amekuruhusu kunitangulia? Mmoja wa wale wa fidla alishusha upinde kwenye nyuzi, akavuta sauti moja nzito, ndefu, chini ya sauti zote mbili. Polisi hakusogea.

Walipomaliza, watu walipiga makofi. Mama alikaa akijifuta uso.

"Wanapiga makofi ya nini?"

"Wamekupenda, mama," Wambui alisema. Naye alikuwa akilia.

"Kilio hakipigiwi makofi. Hawakufundishwa?"

Baadaye mwimbaji alikuja mpaka kwenye nyasi zetu, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mpe pole kwa kaka yake," mama aliniambia. "Muulize amezikwa lini."

Nilifasiri. Mwanamke alieleza kwamba kaka hakuwa wake. Huyo wa wimbo alizama kabla hata bibi wa mwimbaji mwenyewe hajazaliwa. Niliogopa mama ataona amedanganywa.

"Na miaka yote hiyo bado wanamlilia?"

"Bado, mama."

"Basi hao wanajua kulia," alisema, akampa mikono yote miwili.

Tuliagana na Wambui, tukaanza safari ya kurudi Hopkins, mama kiti cha mbele, madirisha wazi kwa sababu ya joto.

"Mwambie Papa Mugisho, Jumamosi ijayo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimelia. Wewe bado."

"Mama, mimi nina-drive."

"Simamisha gari."

Nilitoka barabarani, nikaegesha kwenye uwanja wa duka lililofungwa. Nilipotaka kupandisha vioo alinishika mkono.

"Acha wazi."

Alianza kwa sauti ya chini, kwa jina la Yaya. Aliufikisha mstari mwisho, akanyamaza, akanitazama. Mwanamke mmoja alikuwa akipita na mbwa wake kando ya uwanja. Nilimwona. Nikafungua mdomo, nikaitikia.