Palepale

“Umeiweka palepale ilipokuwa ya zamani?” kaka yangu aliniuliza kwenye simu.

“Palepale,” nikamjibu, bisibisi ikiwa bado mkononi.

Ni miaka tisa sasa, na neno hilo bado linanifuata.

Tulifanya kazi pamoja, mimi na kaka, tumbo moja. Yeye aliandika programu ya kupokea pakiti za data kutoka kwenye kadi za mtandao. Mimi nilikuwa mpimaji, mwenye ufunguo wa chumba cha seva, kile cha baridi na feni zinazovuma mpaka husikii unachosema. Asubuhi ile nilikuwa nimechomoa kadi ya zamani na kuweka mpya, ya gigabiti mia kwa sekunde. Waya wa feni ulikuwa umelalia tundu la kadi ya zamani, nami nikaona uvivu kuuhamisha. Tundu la jirani lilikuwa refu vilevile, kadi ikaingia bila ubishi. Seva ileile, ubao uleule. Kwangu hapo palikuwa palepale.

Kipimo kikatoa gigabiti hamsini na mbili, nusu tu ya uwezo wa kadi.

Wiki mbili kaka alihangaika na namba hiyo. Aliongeza nafasi ya kumbukumbu, akagawa kazi upya kwa kila kiini cha prosesa, akajaribu pakiti kubwa, akajaribu ndogo. Hamsini na mbili. Alikonda jamani, akawa anakula amesimama. Kulikuwa na amri moja, ya mstari mmoja tu, ambayo ingemwonyesha kadi imekaa wapi na inapitisha data kwa njia ngapi. Hakuiandika. Ya nini, na alikwishaniuliza mimi?

Mkuu wetu tulimwita Kipimajoto, maana uso wake ulipanda na kushuka na matokeo. Wateja walipobakiza siku tatu waje, alituita mezani akamwambia kaka mbele ya watu wote, “Kadi nzima, seva nzima. Kilichobaki ni wewe.”

Kaka akanigeukia. Aliuliza kwa upole kabisa kama mashine niliikagua mwenyewe. Nikasema ndiyo. Kesho yake akapewa barua ya kuachishwa kazi, akakusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi, na kikombe chake akaniachia.

Siku kumi na tisa baadaye nilifungua seva kupangusa vumbi. Pembeni ya tundu nililotumia, kwa maandishi madogo kama ya chupa ya dawa, paliandikwa njia nane. Kwenye tundu la kadi ya zamani, kumi na sita. Tundu langu lilikuwa refu kwa sura tu. Nusu ya meno yake hayakuwa na waya. Nikausukuma ule waya wa feni kwa kidole kimoja, nikahamisha kadi, nikawasha programu ya kaka bila kugusa hata nukta. Tisini na saba. Nikaketi sakafuni.

Kipimajoto aliingia, akaona namba, akaangua kicheko. Eti kumbe yule mwandishi mpya wa programu, aliyechukua nafasi ya kaka, ni fundi kweli. Sikumsahihisha. Niliogopa barua yangu, basi. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta sana.

Habari za tisini na saba zilimfikia kaka. Alikuja nyumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti.

“Mlibadilisha nini?”

“Vitu kadhaa,” nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa kosa lake. Hakugusa tena kompyuta. Siku hizi anatengeneza cherehani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na watu wakimsifu huwaambia, “Aa, mimi ni mtu wa hamsini na mbili.” Ndio utani wa familia. Wifi hucheka, watoto hucheka. Mimi pia hucheka, na najichukia kila ninapocheka.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea cherehani yangu. Alipomaliza alinipa bisibisi, mikono yake imejaa mafuta, akanionyesha kwa kidevu ubao wa misumari ukutani ambako kila chombo kimechorewa umbo lake kwa kalamu.

“Irudishe palepale, dada.”

Nikaitundika. Nikaishusha, nikaitazama michoro yote mmoja mmoja, nikaitundika tena. Nyuma yangu kaka alikuwa ameshaanza cherehani nyingine, hakugeuka kuangalia.