Hodi Katika Nchi ya Staha

Mimi si mtu wa kusimulia ndoto. Wale wanaoamka asubuhi wakawakamata wenzao mashati kuwaeleza walichoota, tangu zamani wananichosha. Hii moja naieleza kwa sababu ilinijia mchana kweupe, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya ustawi wa jamii, muda mfupi kabla ya kikao cha kamati ambamo mtoto angeondolewa kwa bibi yake kwa neno langu mimi, Thekla Komba, niliyekuwa sijawahi kulea hata kuku.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya wilaya, kwenye mji mdogo wa kusini wenye baridi na matope mekundu yasiyotoka kwenye viatu. Bi Haule, afisa aliyenisimamia, alikuwa amenikabidhi shauri la Bibi Agnella, mjane ambaye macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, na mjukuu wake Sekunda, yatima aliyekuwa darasa la pili. Mtoto alikuwa ameungua mkono kwa uji, jirani akatoa taarifa. Nikazungumza na jirani, nikazungumza na mwalimu, nikazungumza na balozi wa nyumba kumi, na asubuhi ile nikaenda kulitazama jiko lenyewe. Wote walisema Sekunda apelekwe kwenye makao ya watoto mkoani, nami nikakubaliana nao kwa roho nyeupe. Mhadhiri wangu alikuwa amesafiri kutoka chuoni kuja kunipima. Angekaa kikaoni anisikilize nikitoa maoni, na bila alama zake nisingehitimu na wenzangu. Maoni nilikuwa nayo, jana yake nilikuwa nimemkabidhi Bi Haule kwa maandishi, tena nimeyakariri. Ila nilipokuwa naaga, Bibi Agnella aliuliza, uso ameugeuzia upande ambao sikuwapo, "Mwanangu, mmeshaamua?" Nikamjibu kwa sauti ya darasani, "Bibi, tunaangalia maslahi ya mtoto." Akasema, "Haya." Akakipapasa kichwa cha mjukuu wake, na ile "haya" yake ikanifuata njia nzima hadi ofisini.

Mvua ilikuwa imeanza. Niliingia kwenye chumba cha mashauri, nikafunga mlango, nikaketi mezani nipitie maneno yangu mara ya mwisho. Bati lilikuwa linapigwa na mvua kwa mfululizo, nami nilikuwa nimechoka kwa ule uchovu wa mtu anayejilazimisha kuwa na uhakika. Nikalaza kichwa juu ya mikono. Usingizi ukanichukua hapo hapo, na usingizi ukanitoa pale ukanipeleka kwingine.

Nikajiona nimesimama katika nchi ya vilima visivyo na mti, na kila kilima kina nyumba, na kila nyumba ina mlango mmoja bila dirisha. Nilikuwa nimevaa joho la mahafali, jeusi, refu kupita kimo changu, linaburuza matopeni nyuma yangu. Mbali kabisa, juu ya kilima cha mwisho, palikuwa na ukumbi uliowaka taa, na vigelegele vilisikika kutoka huko, na nikajua bila kuambiwa kwamba humo ndimo yalimokuwa yanasomwa majina ya wahitimu, na kwamba langu lilikuwa bado. Moyo ukanienda mbio kwa tamaa. Pembeni yangu akatokea mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, viatu vyake vina vumbi, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo kama mtu anayejizuia kugusa vitu vya wenyewe. Akasema, "Naitwa Staha. Njia ya kwenda ukumbini inapita kwenye nyumba hizi, hakuna nyingine. Nitatembea nawe, lakini sitakubeba wala sitakuvuta." Nikaona ananipotezea muda kwa maneno, ila nikamfuata, maana sikuwa na mwenyeji mwingine.

Hatukwenda mbali tukamkuta mama mnene, macho yamelowa, amebeba watu mgongoni, kiunoni na mabegani, wazee kwa vijana, wengine wananing'inia shingoni mwake. Kila aliyempita njiani alimwinamia na kumwambia, "Pole jamani, pole, njoo nikubebe." Nikajua huyo ni Huruma, na nikafurahi, kwa sababu ndiye aliyenifanya nichague masomo haya, huyu huyu, nilipokuwa msichana. Nilipokaribia nikatazama miguu ya wale waliobebwa. Ilikuwa imenyauka, myembamba kama vijiti vya mishikaki, na nyayo zao laini kama za watoto wachanga. Mzee mmoja aliniashiria kwa kidole, akaninong'oneza, "Binti, mwambie anishushe. Nilimwomba anivushe kijito tu." Nikamgeukia Staha nikamuuliza kama huyu mama ni mwema au mbaya. Akajibu, "Huruma ni dada yangu. Anajua kuinua kuliko sisi sote. Hakuna aliyemfundisha kutua, na ninyi mnaompenda mnaogopa kumwambia."

Tukapita kwa fundi cherehani aliyeitwa Nadharia. Alikuwa bwana wa miwani, mwenye adabu nyingi, na barazani kwake zilitundikwa nguo zilizoshonwa vizuri mno, nami nikazitambua moja moja kwa majina, maana nilikuwa nimezifanyia mitihani. Watu walipanga foleni kuzijaribu. Aliyebanwa kwapani aliambiwa, "Jikunje kidogo, mama." Aliyepwaya aliambiwa ajaze kifua pumzi. Katika nyumba nzima sikuona tepu ya kupimia. Nikacheka, nikaacha pale fundi aliponipa mkono akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanafunzi wangu bora, karibu ushike cherehani." Staha alinisukuma kwa macho tu, tukaondoka.

Hapo ndipo akatujia mbio bwana mmoja mtanashati, kitambulisho kinarukaruka kifuani. Huyo alikuwa Haraka. Alikuwa na furaha ambayo mtu hawezi kuichukia. Alikuwa anakwenda nyumba hadi nyumba, akiimba, "Hodi hodi, nimeshaingia!" na kila alikopita mlango ulibaki wazi nyuma yake. Nikachungulia mle ndani, na ningetamani nisichungulie. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akilia peke yake, sasa analia mbele ya njia nzima. Kulikuwa na baba aliyeshika beseni tupu, anatafuta pa kulificha. Watu wale walikuwa na aibu ya kitu ambacho hakikuwa kosa lao, na hakuna hata mmoja aliyesimama kufunga mlango, kana kwamba mlango haukuwa wao tena. Haraka akanishika mkono. "Dada, wanafunga ukumbi! Sema hodi huku ukiingia, ndivyo tulivyofanya sote." Na kweli vigelegele vilikuwa vinafifia, na taa za ukumbini zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine.

Ikabaki nyumba moja tu kati yangu na ukumbi. Mlango wake ulikuwa wa mbao zilizopinda, nikauinulia mkono. Staha akasema nyuma yangu, "Hodi ni swali, Thekla. Aliyeuliza akaingia kabla ya kujibiwa hakuuliza kitu." Nikakasirika. Nikamwambia mimi nimekuja kusaidia, nina haki ya kuingia, nina kibali. Nikapiga hodi, nikangoja. Joho likawa linanyonya mvua na kunivuta mabega chini. Nikapiga tena, na safari hii, kwa kuwa sikuwa na la kufanya zaidi ya kusikiliza, nikasikia kilichokuwa kinaendelea ndani: mkono wa mtu unapapasa ukutani, unatafuta kanga ya kujifunika, haraka haraka, kwa woga, kabla mgeni hajaingia. Na nikaukumbuka mkono huo. Asubuhi ile ile niliuona, nikiwa nimesimama katikati ya nyumba ya Bibi Agnella, nimeshavuka kizingiti na hodi yangu bado iko mdomoni, naye kichwa wazi anapapasa ukuta, na mimi nikawa natazama jiko. Nililia pale mlangoni. Nililia kwa sauti, bila kujali nani ananiona.

Nikainua mkono nipige hodi ya tatu, kwani kwa desturi yetu hiyo ndiyo ya mwisho; asipojibiwa mtu, anageuka kwenda zake. Kabla sijafungua kinywa, hodi ikasikika. Sauti haikuwa yangu. Staha akaniinamia, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na huzuni. "Tazama vizuri," alisema. "Nani yuko nje, na nani yuko ndani?" Nikatazama. Kuta zilikuwa zimenizunguka pande zote, zimepakwa rangi ya kijani iliyochujuka, rangi ya ofisi. Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeketi nyuma yake, nimevaa joho, nimenyamaza.

"Hodi."

Nikafumbua macho. Shavu langu lilikuwa limegandia mezani. Mvua imepungua. Nyuma ya mlango sauti ya mtoto ikasema, "Bibi, hawapo. Twende."

"Karibu!" Nilipiga kelele kama nyumba inaungua. "Karibuni! Karibuni ndani!" Nikajikwaa kwenye kiti, nikafungua. Walikuwa wamelowa wote wawili, Sekunda ameshika ncha ya fimbo ya bibi yake kwa ule mkono wenye bandeji, akimwongoza. Bibi Agnella alivuka kizingiti taratibu, akasimama.

"Nimebisha kila mlango humu," alisema. "Watu wamo, nawasikia wanazungumza. Wanadhani kipofu ni kiziwi."

"Nisamehe, bibi yangu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kwangu asubuhi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimekuja kukwambia jambo, maana ulipokuja hukuniuliza. Nina mdogo wangu wa tumbo moja, yuko Mbinga. Tangu masika iliyopita ananiambia twende tukakae naye, mimi na huyu. Nilikuwa nakataa kwa kiburi cha kuacha nyumba ya marehemu. Sasa sikatai. Mtoto akiungua tena nitakufa. Lakini mkinitenga naye pia nitakufa, na yeye ataishi akijua alipelekwa kwa sababu ya uji." Akamvuta mtoto karibu yake. "Mnanipa nafasi ya kusema, au mmeshaamua?"

Maana ya ndoto ilinijia pale bila mtu kunifasiria. Miaka mitatu nilikuwa nasomea namna ya kuingia katika maisha ya watu, na nilikuwa hodari. Sikuwa nimejifunza kwamba watu hao nao wako nje ya mlango wangu, wanabisha, na kwamba shahada yote ile ingeweza kuwa ukuta mmoja zaidi wa kutowasikia. Niliogopa. Nilimwogopa mhadhiri, niliogopa alama, niliogopa kusimama mbele ya Bi Haule na kumwambia kuwa yale niliyompa jana sikuwa nayajua.

Kikao kilipoanza, Bibi Agnella na Sekunda wakingoja nje ya mlango, mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasimama, nikasema, "Mwenyekiti, maoni yangu ya jana nayaondoa. Sikumsikiliza mhusika. Yuko hapo nje, naomba aanze yeye." Bi Haule akanikazia macho. Mhadhiri akashusha kalamu yake mezani, na mpaka leo sijui alifikiri nini wakati ule. Nikaenda kufungua mlango.

Nilitaka kumshika mkono nimwingize. Bibi Agnella akautoa mkono wangu, polepole, bila hasira. Alisimama kwenye kizingiti, akajitanda kanga yake vizuri, akaelekeza uso kule zilikokuwa sauti zetu, akasema, "Hodi humu ndani."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akamwonyesha kiti kwa mkono, naye hakuuona. Hakusogea. Alingoja, na Sekunda akangoja pembeni yake, mpaka chumba kizima kikaelewa kwamba mama huyu hataingia kama shauri, ataingia kama mtu. Mwenyekiti akakohoa, akavua kofia yake.

"Karibu, mama," akasema.

Wengine wakaitikia, mmoja mmoja, karibu, karibu, hata Bi Haule. Ndipo Bibi Agnella akavuka, akaketi, akaanza kusema.