Chakula Chepesi Tu

Ijumaa jioni mshona mapazia aliingia nyumbani na vipande vya nyuzi vikiwa bado vimemng'ang'ania kwenye sketi, akaweka mkoba, akabandika dengu jikoni. Mumewe, mwalimu wa udereva, alikuwa amempigia simu mchana kumwambia kuna wageni: kaka yake, kinyozi wao na jirani fundi umeme. Asijisumbue, alisema, apike chakula chepesi tu. Mwalimu huyo hakuwahi kumenya hata kiazi, lakini uzito wa vyakula aliujua.

Walipokaa mezani mwalimu akaonja dengu, akasema si mbaya, ila za marehemu mama yake zilikuwa hazina mfano. Kaka yake akaunga mkono. Wakamsifia marehemu mpaka wali ukaanza kupoa.

Marehemu akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amevaa lile gauni alilozikwa nalo, na udongo kidogo kwenye nyusi. Mshona mapazia akamwamkia shikamoo, naye akaitikia, akanawa mikono, akauliza vitunguu viko wapi.

Mkwewe akamwambia akae kwanza, ale. Mama mkwe akafikiri, akasema hapo hangekataa, maana katika nyumba ile hakumbuki kula chakula cha moto. Siku zote alikula kikishapoa, amesimama, akikwangua sufuria.

Basi mshona mapazia akampakulia sahani iliyokuwa ikifuka mvuke, wakaenda nayo sebuleni. Viti vilikuwa vimejaa na hakuna aliyeinuka. Mwalimu alifurahi sana kumwona mama yake, akampa pole ya safari. Kisha akaipokea ile sahani na kumsogezea kaka yake, aliyekuwa anataka kuongezewa.

"Hiyo ni ya mama," mkewe akasema.

"Atakula tukimaliza. Mama hana makuu. Maisha yake yote hajalalamika."

"Na wewe maisha yako yote hujaniuliza," mama akasema.

Kinyozi akakohoa. Kisha fundi umeme akaomba maji, na wale wanawake wawili wakajikuta wameshageuka kwenda kuyaleta.

Jikoni, mshona mapazia akamuuliza mama mkwe kwa nini hakubaki kupumzika huko alikokuwa.

"Nilikuwa nimelala vizuri, mwanangu. Lakini kila wakinisifia mapishi, nasikia naitwa. Na mimi nikiitwa sijui kukaa."

Mshona mapazia alifunika sufuria kwa kishindo mpaka mfuniko ukapinda. Asubuhi alimweleza mumewe wazi kwamba anamtoa mzazi wake kaburini ili aje kumpikia rafiki zake, na kwamba aibu hiyo haina jina. Mwalimu akamsikiliza huku akifunga kamba za viatu. Akajibu kwamba upendo wa mama hauna mwisho. Isitoshe, sasa jikoni kuna mikono minne, kwa hiyo kazi imepungua, na Ijumaa ijayo angewaalika walimu wenzake pia. Kaka yake alipopata habari akamwambia mwalimu ana bahati, wengine mama zao wakienda wameenda.

Mama mkwe akawa anakuja kila Ijumaa. Wageni walipozidi, binti yao naye akaondolewa kwenye masomo yake, akapewa kisu na karai la viazi.

Jioni moja wote watatu wakiwa jikoni, wakamsikia mgeni mmoja kule sebuleni akisema mchuzi wa mke wa mwalimu hauna mfano. Wengine wakaitikia. Mshona mapazia akaweka mwiko chini, akamgeukia binti yake.

"Siku nikifa, mtu asinisifie mapishi mbele yako. Mwambie nilikuwa naunguza."

"Sawa, mama."

"Na chumvi alikuwa anazidisha," mama mkwe akaongeza. "Sema hivyo, mjukuu wangu. Usimwonee haya mtu."

Binti akasema atasema yote mawili. Kule sebuleni baba yake akaita kwamba pilipili imesahaulika, naye akafuta mikono, akainuka, akaipeleka.