Mafiga ya Mama Elmina

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shemeji yangu Kimeli halali hapa Ndanai wala hakamui hapa. Ana duka la dawa za mifugo kule Kaplong. Lakini yeye ndiye aliyeamua kwamba stoo ya mawe haitabomolewa, itapigwa plasta.

Stoo hiyo ilijengwa na mzungu aliyekuwa na shamba hili zamani. Baba mkwe alipolinunua, nusu ya stoo aliifanya zizi na nusu ikawa ya nyasi kavu. Miaka mitatu sasa kona ya nyuma imetoa tumbo, na ufa ulio juu ya mlango unameza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Mimi ndiye ninayeingia humo alfajiri na jioni, nakaa kwenye kigoda, mgongo ukigusa ukuta huohuo, nakamua ng'ombe wanne. Mume wangu alipofariki, maneno ya boma yalihamia kwa kaka yake. Ndoo niliachiwa mimi.

Nilimwambia Kimeli tubomoe tujenge zizi la mbao na mabati. Nilimwambia mara nne. Kila mara alinijibu kwa methali ile ya shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba ufa wenyewe ulianza jana. Tena akaongeza kwamba kubomoa kazi ya mzee ni kumtukana kaburini. Mzee hakuweka hata jiwe moja kwenye stoo ile. Nilikasirika hata nikawa nasahau chumvi kwenye mboga.

Jumanne akaja na fundi, Kepher, mtu wa kutoka upande wa ziwa ambaye amejenga nyumba nyingi za wafanyakazi kwenye mashamba ya chai. Mifuko ya simiti ikashushwa. Kepher hakufungua hata mmoja. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena.

"Mama, hii nyasi naweza toa?" akaniuliza.

"Plasta ni ya nje," Kimeli akasema.

"Sawa mzee, lakini wacha nione ndani kwanza."

Tuliondoa nyasi mimi na fundi. Kimeli alishika simu yake. Nyuma ya nyasi ukuta ulikuwa na mashimo, yamezibwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kazi safi ya mtu aliyezoea kukandika nyumba. Kepher alihesabu kumi na tano. Kisha akaenda upande wa zizi, akainama nyuma ya kigoda changu, akaniita. Pale ninapoegemea nikikamua, mawe matatu yalikuwa yamechokolewa pande zote, bado kuvutwa tu. Udongo uliochokolewa ulikuwa mbichi.

"Nani anachimba hii ukuta?"

"Ni mimi," mama mkwe akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Mama Elmina ana miaka themanini na kitu na hasemi uongo, hilo siwezi kumnyima. Alieleza bila haya yoyote. Kila mwanawe alipooa, yeye alitoa mawe matatu kwenye stoo akampa bibi arusi, awe na mafiga ya kupikia. Wana watano, mawe kumi na tano.

"Jiko ya mke wa hapa lazima isimame na mawe ya hapa," alisema. "Haya matatu ni ya bibi ya Kipchoge. Si harusi ni Desemba?"

Kipchoge ni mwanangu. Miaka ishirini na minane nimepika juu ya mawe yale. Nimejisifu mbele ya wanawake wa kanisani kwamba mama mkwe aliniletea mwenyewe, moja moja, siku nilipoingia boma hili. Na kila jioni nilitoka kwenye mafiga hayo nikaenda kukaa chini ya ukuta yalikotolewa.

Kepher alitueleza kwamba ukuta ule ni kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati ni kokoto. Mawe marefu yanapita toka upande huu hadi ule, yanazishika zote mbili.

"Sasa hizo ndefu ndizo mama alichagua," akasema.

"Fupi zinayumba ukiweka sufuria," mama Elmina akajibu.

Kimeli akaweka simu mfukoni. "Basi kila mwanamke arudishe mawe yake. Fundi atazipanga, apige plasta, tumalize."

"Mzee, jiwe ikikaa kwa moto miaka hiyo yote inakufa ndani. Ukiipea mzigo inapasuka."

"Basi piga plasta tu. Mvua haingoji."

Hapo ndipo nilipochoka na heshima. Ilikuwa saa kumi, ng'ombe wameshaanza kulia. Nilichukua ndoo nikampa Kimeli mkononi.

"Baba Antony, leo kamua wewe. Kigoda iko pale kwa ukuta."

Alicheka. Akakunja mikono ya shati, akaenda mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na vumbi likawa linadondoka kutoka kwenye ufa juu ya kichwa chake. Akasimama. Aliangalia kigoda, akaangalia yale mawe matatu.

"Toa ng'ombe nje," akasema. "Nitakamulia hapa nje."

"Kwa nini nje?"

Akahamishia ndoo mkono wa pili.

"Baba Antony, nakuuliza. Kwa nini nje, na mvua hii?"

"Mama Kipchoge, wacha."

"Siwachi. Mimi nimekaa hapo miaka mitatu. Wewe umeshindwa kuingia."

Aliweka ndoo chini. Hakunitazama, alimtazama Kepher. "Bomoa," akasema, kisha akaenda kwenye gari lake. Samahani hakuniomba, na mpaka leo namdai.

Alhamisi Kepher aliteremsha mabati, halafu akasukuma ile kona kwa mti mmoja, peke yake. Ukuta wote ulilala ndani. Vumbi lilipotulia, mama Elmina akaja na mkongojo wake, akipita juu ya vifusi.

"Yale matatu ya bibi ya Kipchoge yako wapi?" akaniuliza.

Nilimshika mkono nikampeleka, nikamwonyesha. Yalikuwa yamelala pamoja, mazima, juu ya kigoda changu kilichovunjika vipande.

Aligusa vipande vya kigoda kwa mkongojo wake, mawe akayaacha palepale. Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.