Springi za Lorna Dudek

"Bonyeza hii," Lorna alisema, akaisukuma springi katikati ya sahani za supu ya kabichi ambazo hakuna aliyekuwa ameziondoa mezani.

"Springi ya gari haibonyezwi kwa mkono, mama. Hata ukiipanda haitikisiki," mumewe alijibu.

"Mkono wangu unajua. Hii ndiyo yenyewe. Hiyo nyingine karudishe."

Orrin Dudek alicheka. Alikuwa fundi wa miguu ya magari, yaani springi na shokapu zake, kwenye gereji moja ya mji mdogo wa Michigan, mahali ambapo kila baridi ikiondoka huacha barabara zimetafunwa. Tangu ujana wake alilala chini ya magari ya watu. Mkewe aliendesha basi la shule. Siku za kazi alilipeleka lile basi la njano taratibu, watoto wakilalamika kwamba bibi zao hukimbia kuliko yeye. Jumapili, theluji ikishayeyuka, alitoa gari lake la Chevelle la mwaka sabini na moja, injini ikinguruma hadi vyombo vya jirani vikalia kabatini, akaenda nalo uwanja wa mbio wa Carrow kufundisha wageni na kuwatesa vijana wenye magari mapya.

Gari lilikuwa na nguvu kuliko miguu yake. Kwenye kona lililala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Mwaka huo waliamua kulibadilisha miguu yote, na ndiyo maana jikoni kulikuwa na springi za aina mbili.

"Nisikilize," Orrin alisema. "Gari hili unakwenda nalo dukani. Unakwenda nalo kanisani. Tuweke springi za wastani, bushi za mpira, stabilaiza nene ya mbele ili lisilale kwenye kona, na shokapu za kurekebisha. Ukifika uwanjani unazikaza, ukirudi unazilegeza. Na meno yako yatabaki kinywani."

"Wastani." Lorna alilitamka neno hilo kama mtu aliyeng'ata mbegu. "Wiki nzima naishi wastani, mzee. Nataka gari linaloniambia ukweli. Nikikanyaga sarafu nijue upande gani uko juu."

"Mgongo wako je? Juzi ulishindwa kufunga viatu."

"Mgongo ni kile kiti cha basi. Nimewaambia wakibadilishe, wanasema watakibadilisha. Niwekee zile ngumu, Orrin. Na bushi za plastiki. Nikijuta nitajuta mwenyewe."

Akainuka kwenda kuosha vyombo, mkono mmoja umeshika kiuno. Orrin aliuona ule mkono. Akaona pia jinsi mkewe alivyokuwa akitabasamu kwenye kioo cha dirisha, akazirudisha zile za wastani kwenye boksi.

Waliifunga ile miguu mipya mwishoni mwa Aprili, yeye na Dewitt, rafiki yake wa miaka mingi pale gereji. Jumapili ya kwanza ya Mei Orrin alisimama kwenye uzio wa Carrow, karibu na kona ndefu ya nyuma, na kwa mara ya kwanza aliliona Chevelle likiingia kona bila kuinama. Lilipita limetulia, tambarare kama meza inayobebwa na watu wanne. Alijikuta anapiga makofi peke yake.

Lorna aliporudi, uso ulikuwa mwekundu na macho yanang'aa. "Linaongea," alisema. "Orrin, linaongea." Kisha akajaribu kutoka, asiweze. Orrin alidhani mkanda umebana. Aliufungua, akangoja, na mkewe bado amekaa, ameshika usukani, tabasamu likiwa limeganda.

"Nishike," alisema taratibu. "Usiwaonyeshe watu."

Haikuwa kiti cha basi. Ilikuwa saratani, na kufikia siku ilipojulikana ilikuwa imeshaingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Daktari alizungumza kwa upole mwingi, na upole wake ndio uliowaambia yale ambayo maneno hayakusema.

Hospitali ilikuwa safari ya zaidi ya saa nzima, na nusu ya njia ni zege la zamani lenye maungio. Pikapu ya Orrin ilirusha watu kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa, kwa hiyo walikwenda na Chevelle, Orrin akiendesha. Walipoingia kwenye zege, magurudumu yakaanza kugonga yale maungio. Tak. Tak. Tak. Lorna hakulalamika. Alitazama mashamba ya mahindi, akasimulia habari za dada yake. Lakini kila gurudumu lilipogonga, sentensi yake ilikatika kidogo, akavuta pumzi, akaendelea pale alipoishia.

Orrin alikijua kila kitu kilichokuwa kati ya barabara ile na mgongo wa mkewe. Alijua ni bushi gani iliyopokea pigo, na ni springi gani iliyokataa kulimeza. Vyote alivikaza kwa mikono yake.

Lorna alipolazwa mwezi Julai, Orrin aliliingiza gari gereji baada ya kazi, akalipandisha juu. Dewitt alikuwa ananawa. Alimtazama akitoa springi moja baada ya nyingine.

"Umemuuliza?"

"Nitamwambia."

"Hilo silo nililouliza, ndugu yangu."

"Anaumia, Dewitt. Nikipita kwenye shimo namsikia anavyopumua. Ungefanyaje wewe?"

Dewitt alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ningefanya hivyo hivyo," alisema mwishoni. "Na mke wangu angenichinja." Akachukua spana, akaingia chini ya gari kumsaidia.

Waliweka springi laini kuliko hata zile za wastani, bushi za mpira, shokapu zimelegezwa hadi mwisho. Orrin alipolisukuma kwa kiganja, gari lilishuka na kupanda kama mtu aliyelala vizuri.

Siku ya kumtoa hospitali, alimfunika Lorna blanketi miguuni na kuondoka. Hawakufika mbali. Pale barabara inapopinda kushoto kando ya tangi la maji, gari liliinama taratibu upande wa abiria. Lorna akaweka kiganja kwenye mlango.

"Simama."

"Unaumwa?"

"Nimesema simama, Orrin."

Alisimama kwenye kokoto za pembeni. Lorna hakumtazama.

"Umelifanya nini gari langu?"

"Nimelilainisha kidogo. Kwa ajili ya safari hizi tu."

"Kidogo." Kichwa chake, ambacho sasa hakikuwa na unywele, kilifungwa kitambaa cha kijani. "Basi la shule wamenipokonya. Wamesema siwezi kubeba watoto, sawa, ni kweli. Nywele zimeondoka. Kuoga naogeshwa na dada yangu. Kitu kimoja kilikuwa bado kama nilivyokiacha, nawe umekwenda kukibadilisha nikiwa nimelala kitandani na mipira ya dripu mikononi."

"Nilikuwa nakusikia unavyopumua."

"Ungeniambia. Ungesema, Lorna, siwezi tena kusikiliza. Mimi ningechagua. Mwenyewe." Sauti ilimkatika, akaisubiri irudi. "Wewe hukunionea huruma. Ulijionea wewe."

Orrin alitaka kubishana, lakini alilosema lilikuwa kweli na pia halikuwa kweli. Malori yalipita yakilitikisa gari, na gari, kwa miguu yake mipya, likayumba kwa upole. Upole ule ulimtia aibu. Aliweka paji la uso juu ya usukani, akalia bila sauti. Baada ya kitambo alihisi vidole vya mkewe kwenye shingo yake, baridi, vikikwangua taratibu pale ambapo grisi haitoki.

"Twende nyumbani," Lorna alisema. "Nina mpango."

Mpango ulikuwa Jumapili moja. Jumapili moja kwenye springi ngumu, na siku zote zilizobaki kwenye laini. "Na safari hii naamuru mimi," alisema. Dewitt alimletea kiti cha kukunja ndani ya gereji, akakaa humo na blanketi lake kama malkia aliyepinduliwa, akiwaelekeza wazee wawili wenye ujuzi wa miaka na miaka namna ya kukaza nati.

"Dewitt, huo upande wa kulia umeufunga kama kopo la maharage."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo mama. Kaza."

Asubuhi ya Jumapili hiyo, mwanzoni mwa Septemba, Lorna hakumeza vidonge vyake vya maumivu. Vilimpumbaza, na mtu aliyepumbazwa haendeshi. Orrin alipomuuliza kama ana hakika, alimwambia afunge mdomo na abebe helmeti.

Kule Carrow watu wote walimjua. Walikuja mmoja mmoja kuinama dirishani, wakasema maneno mafupi, wakaondoka wakitazama chini. Magari yakapanga foleni. Lorna alikuwa kwenye usukani. Aliwasha injini, akakanyaga klachi, na mguu wa kushoto ukashuka nusu ya njia ukakoma. Akajaribu tena. Orrin, aliyesimama nje, aliuona mdomo wake ukifanya mstari mmoja. Mara ya tatu alisaidia kwa mkono, akilisukuma goti lake mwenyewe chini.

Kisha akazima injini. Magari ya nyuma yaliwazunguka na kupita.

"Zunguka," alisema. "Endesha wewe."

"Lorna, mimi sijawahi—"

"Najua hujawahi. Kazi yangu hapa ni kufundisha wageni, siyo? Nimewafundisha wabaya kuliko wewe. Zunguka."

Mzee wa bendera alimtazama Orrin kwenye usukani, akamtazama Lorna kwenye kiti cha abiria, akafungua mdomo kusema kuhusu kanuni, akaufunga. Akawapungia wapite.

Mzunguko wa kwanza Orrin aliendesha kama mtu anayebeba maiti. "Ongeza," Lorna alisema. Akaongeza. Kila ufa wa lami ulipanda moja kwa moja hadi kwenye viti, naye akausikia ule mkato wa pumzi kando yake, mguu wake ukalegea juu ya mafuta.

"Usithubutu," Lorna alisema. "Usithubutu kupunguza kwa ajili yangu. Tazama mbele. Subiri. Usigeuze bado. Subiri. Sasa."

Aligeuza. Kona ndefu ya nyuma ikafunguka, na gari likaishika lami, limenyooka, halitetereki. Na Orrin, ambaye kwa miaka yote ile alilijua gari hilo kutokea chini, mgongo wake ukiwa sakafuni, alihisi, kupitia kwenye kiti, kile alichokuwa akikisikia mkewe kila Jumapili. Tairi ya mbele ilinong'ona kabla ya kuteleza. Ya nyuma ikajibu.

"Unasikia?" Lorna aliuliza.

"Nasikia."

"Basi." Machozi yalikuwa yakimtiririka ndani ya helmeti, ya maumivu au ya kitu kingine, Orrin hakuthubutu kugeuka kutazama. "Zungusha tena."

Alizungusha hadi Lorna alipoweka mkono juu ya wake kwenye gia na kuuacha hapo.

Kesho yake Orrin alirudisha springi laini. Safari zilizofuata Lorna alilala njia nzima, kichwa kwenye kioo, na maungio ya zege yalipita chini yake bila kumwamsha. Mwisho wa Oktoba hapakuwa tena na safari.

Baada ya mazishi Dewitt alimuuliza mara moja tu, wakinywa kahawa: sasa gari litawekwa miguu ipi? Orrin alisema hajui.

Theluji ya kwanza ilianguka mchana, nyepesi, isiyokuwa na haraka. Chumvi ingemwagwa barabarani kabla ya jioni, na chumvi hula chuma cha zamani. Orrin aliliingiza Chevelle kwenye banda la nyumbani, akalipiga jeki, akaliweka juu ya stendi nne za chuma ili lilale hapo hadi baridi iishe. Magurudumu yakaning'inia. Akatoa waya mmoja wa betri, akafuta boneti, ingawa haikuwa na vumbi.

Kisha akafungua mlango wa abiria. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma, vile Lorna alivyokipenda siku za mwisho. Alishika paa, akaingia polepole, akajiachia na uzito wake wote.

Gari, likiwa juu ya stendi, halikushuka hata kidogo. Nje theluji ilikuwa ikifunika alama za tairi kwenye njia, naye akakaa pale, mikono magotini, akisubiri liiname.